Chaja Inayojua Kuacha: Betri za Pikipiki Kendu Bay

Pikipiki inayobeba abiria kutwa kati ya Kendu Bay na Oyugis haihitaji chaja ya betri. Heri jambo hili lisemwe mapema, maana chaja nyingi hununuliwa na watu wasiozihitaji, huku wanaozihitaji hasa wakingoja mpaka betri ife ndipo waulize. Injini ikizunguka, koili zilizo kando ya sumaku huzalisha umeme, regyuleta huudhibiti, na betri hupokea volti kati ya 13.5 na 14.8 muda wote wa safari. Jioni mwanaboda anapoegesha, betri yake imeshiba. Anayehitaji chaja ni mwenye pikipiki inayolala.

Na zinazolala si haba. Kuna Boxer ya kijana wa boma anayefanya kazi Nairobi, iliyofunikwa gunia chini ya paa la mabati ikimsubiri Desemba. Kuna ya mwalimu aliyehamishwa shule ya mbali akaiacha nyumbani. Kuna ya zahanati iliyokosa petroli au dereva, na ya mvuvi wa omena anayeiwasha siku za soko tu. Kuna pia zile zinazotembea lakini kwa safari fupi mno, za kutoka mjini hadi Simbi Nyaima na kurudi, taa zikiwaka na kitufe cha kuwashia kikibonyezwa kila baada ya dakika kumi. Hizo nazo hushinda na njaa, kwa sababu kila kuwasha kunachota chaji ambayo dakika tano za mwendo wa polepole hazitoshi kuirudisha.

Betri hizi ni ndogo. Soma ubavuni mwa betri ya pikipiki nyingi zinazotumika huku na utakuta volti 12 na uwezo wa kati ya ampia-saa 2.5 na 9, wakati betri ya gari dogo ina 45 au zaidi. Ndani yake mna seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Seli ina mabamba ya madini ya risasi yaliyolowa asidi ya salfa, muundo ambao haujabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoubuni mwaka 1859. Betri inapotoa umeme, mabamba yake huvaa salfeti ya risasi. Ukiirudishia chaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na mambo hurudi kama yalivyokuwa. Ukiiacha wiki kadhaa ikiwa nusu tupu, salfeti hugeuka chembe kubwa ngumu ambazo hakuna chaja itakayozitoa zote. Betri nyingi zinazosemwa kuwa zimezeeka zilikufa hivyo, zikiwa zimeegeshwa.

Joto huharakisha kifo hicho. Betri hupoteza chaji yenyewe hata isipounganishwa na kitu, na kasi ya upotevu huo huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi. Kendu Bay iko kusini kidogo mwa ikweta, kando ya Ghuba ya Winam, na stoo ya mabati saa nane mchana huwa tanuri. Betri ya maji ya kawaida katika hali hiyo yaweza kupoteza sehemu ya kumi ya chaji yake au zaidi kwa mwezi. Ile iliyofungwa, ambayo asidi yake imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo, hustahimili zaidi.

Lakini siku hizi mnyonyaji mkubwa kuliko joto ni traka. Pikipiki za mkopo hufungwa kifaa cha kumwonyesha mkopeshaji ilipo, na kifaa hicho hakilali. Chukua traka inayokula miliampia 20. Kwa siku nzima ni karibu nusu ampia-saa. Betri ya ampia-saa 5 itafika nusu kwa siku tano hivi, na kabla ya wiki mbili kwisha itakuwa imekauka, ingawa hakuna mtu aliyegusa ufunguo. Ongeza king'ora cha wizi, tundu la kuchajia simu lililounganishwa moja kwa moja, na redio yenye spika mbili, kisha utaelewa kwa nini mtu arudipo kutoka matanga ya siku nne hukuta taa ya mbele inatoa mwanga wa kibatari. Kung'oa waya wa hasi wakati wa kuegesha ndiyo dawa rahisi kwa pikipiki uliyoimaliza kulipa. Kwa ya mkopo, zungumza na mkopeshaji kwanza, kwa kuwa traka nyingi hutuma taarifa pindi umeme wake unapokatwa, na yeye atadhani imeibwa.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni mita ya fundi, ile ndogo ya kupimia volti. Bei yake ni ndogo kuliko ya betri, na bila hiyo kila ushauri wa chaja ni kubahatisha. Acha betri ipumzike saa kadhaa, kisha pima. Volti 12.7 ni betri iliyojaa. Ya kufungwa yaweza kusoma 12.8 au juu kidogo. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu, kwenye 12.2 nusu, kwenye 12.0 robo tu. Ikishuka chini ya 11.8, ihesabu kuwa tupu na ishughulikie leo hii, usingoje kesho. Halafu washa injini, ipe mafuta ya wastani, pima tena. Mita ikibaki kwenye volti 12 na nukta, koili au regyuleta ina kasoro, na chaja utakayonunua itakuwa inauficha ugonjwa huo. Ikipanda kupita 15, regyuleta imeharibika na inaichemsha betri njiani. Pikipiki nyingi za kabureta huwaka kwa kiki hata betri ikiwa hoi, ndiyo maana wengi hupuuza kasoro hizi mpaka balbu zianze kuungua moja baada ya nyingine au honi ikatae kulia penye kona usiku.

Sasa tuje kwenye chaja. Ile wengi wanayoijua ni ya kibanda cha kuchajia betri. Mezani pana transfoma nzito ndani ya sanduku la bati, sindano ya ampia inayotetemeka, klipu mbili zilizoota unga wa kijani na mweupe, na betri zimepangwa mstari: ya pikapu, mbili za taa za kuvulia omena, na katikati yao betri ya TVS inayoenea kiganjani. Zote zimeunganishwa pamoja. Mwenye kibanda anafanya kazi halali na ameokoa safari za watu wengi, ila mpangilio huo hauifai betri ndogo. Chaja haiwezi kujua ni ipi imejaa na ipi bado, nayo transfoma ya kizamani isiyo na kidhibiti huzidi kupandisha volti kadiri betri zinavyojaa. Stima ikipotea katikati ya kazi, betri nzima huanza kuilisha ile mbovu iliyo jirani yake. Ukilazimika kutumia kibanda, omba yako iwekwe peke yake, kwenye kiwango cha chini kabisa, na uhakikishe swichi ya volti 6 na 12 iko mahali pake.

Kanuni ya kiwango ni nyepesi: ampia za chaja zisizidi sana sehemu ya kumi ya uwezo wa betri. Ya ampia-saa 5 ipewe nusu ampia. Ya 7, ipewe 0.7. Betri nyingi zimechapishwa maelekezo hayo hayo ubavuni, kiwango cha kawaida kwa saa 5 hadi 10, na kiwango cha haraka kwa saa moja tu pale inapobidi. Sasa tazama chaja inayouzwa sana madukani, ile ya plastiki yenye kioo cha namba na feni ndogo, iliyoandikwa volti 12, ampia 6, pamoja na ahadi ya kufufua betri kwa mapigo ya umeme. Kuipa betri ya Boxer ampia 6 ni kumnywesha mtoto mchanga kwa ndoo. Baadhi zina kitufe chenye picha ya pikipiki, na huenda kweli kinapunguza kiwango. Usiamini picha, pima. Kuhusu ufufuo, salfeti iliyo laini bado hutoka kwa chaji ya polepole ya muda mrefu bila mbwembwe zozote, na iliyokwisha kuwa ngumu haitatolewa na mapigo ya chaja ya bei ya kuku. Singelipa hata shilingi moja ya ziada kwa ahadi hiyo.

Kuna chaja nyingine inayodanganya kwa upole wake. Ni adapta ndogo kama ya simu, yenye klipu mbili, inayotoa nusu ampia. Kiwango chake ni sahihi, na mtu huona ni salama kuiacha wiki mbili. Tatizo ni kwamba haijui kuacha. Betri ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia hauna pa kwenda, unaanza kuvunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kila ampia-saa ya ziada hula karibu theluthi moja ya gramu ya maji katika kila seli. Nusu ampia kwa siku moja ni ampia-saa 12, sawa na gramu 4 kwa kila seli. Kwa wiki ni gramu 28, kutoka katika seli ambayo asidi yake yote ingeenea kikombe kidogo cha kahawa. Mabamba hubaki wazi, hukauka, basi. Betri ya kufungwa huweza kuirudisha sehemu ya hewa hiyo kuwa maji, lakini ikizidiwa huitoa kupitia vali, na kwake hakuna mfuniko wa kuongezea maji.

Chaja ya kutunza inatofautiana na hizi kwa jambo hilo moja. Hujaza betri hadi volti 14.4 hivi, huishikilia hapo mpaka kiwango kinachoingia kipungue, kisha hushuka hadi kati ya 13.2 na 13.8 na kutulia. Katika volti hizo betri hulipwa tu kile inachopoteza, na yaweza kukaa miezi bila madhara. Wamarekani wana Battery Tender, Wasweden wana CTEK, Wabelgiji wana OptiMate, na kuna NOCO za Marekani. Zote zina modeli za ampia moja au chini ya hapo zilizokusudiwa pikipiki. Zinafanya kazi vizuri, ila kwa kawaida bei yake huipita ya betri ya Boxer mara kadhaa, kwa hiyo zina maana kwa mwenye pikipiki zaidi ya moja, au taasisi kama zahanati na shule, kuliko kwa mtu mwenye betri moja ya ampia-saa 5. Chaja zisizo na jina zenye tabia hiyo hiyo pia zipo, na namna ya kuzitambua ni kupima badala ya kusoma sanduku. Iunganishe na betri usiku, asubuhi weka mita. Ukikuta bado iko juu ya volti 13.8, hiyo si chaja ya kutunza, hata kama imeandikwa hivyo kwa rangi tatu. Kubaliana na mwenye duka kabla ya kulipa kwamba utairudisha.

Mambo mawili ya mazingira yetu mara nyingi hayatajwi katika maelekezo ya viwandani. La kwanza ni stima. Kukatika kwake ni jambo la kawaida, na huko vijijini mwisho wa laini volti hushuka jioni watu wakipika na kuwasha runinga. Chaja ya transfoma hushuka pamoja nayo. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 haitikisiki. Muhimu zaidi ni je, stima ikirudi saa tisa usiku, chaja itaendelea yenyewe, au itakaa kimya ikingoja mtu abonyeze kitufe? Aliye Nairobi hawezi kubonyeza kitufe Kendu Bay. Jaribio lake huchukua dakika moja dukani: chomoa, chomeka, tazama taa. Chaja inayosahau haifai kwa pikipiki inayolala, hata ikiwa nzuri kwa mengine yote. Hapo hapo ndugu walio ughaibuni wanaotuma zawadi wakumbuke kwamba Kenya hutumia volti 240. Baadhi ya chaja zinazouzwa Marekani ni za volti 120 peke yake. Ukiichomeka hapa itatoa moshi kabla hujaketi.

La pili ni joto, ambalo nimeligusa. Volti za chaja hupangwa kwa betri iliyo katika nyuzi 25. Kwa kila nyuzi inayozidi, betri ya volti 12 hutaka takriban volti 0.018 pungufu. Kwenye nyuzi 35, zile 14.4 zingefaa ziwe 14.2. Chaja bora hupima joto na kujirekebisha. Kwa nyingine, dawa ni kuiweka pikipiki kivulini, penye hewa, mbali na ukuta wa mabati unaopigwa na jua la magharibi. Penye hewa pia kwa sababu ya usalama, kwa kuwa haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka kwa cheche moja. Usichajie chumba cha kulala, wala kando ya jiko. Unganisha klipu kwenye betri kwanza ndipo uwashe soketi, na asidi ikikurukia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo kabla ya kutafuta hospitali.

Kwa boma lisilo na stima ya kutegemea, paneli ya jua ndiyo chaja, wala haihitaji kuonekana mpango wa pili. Watu wa ziwa hili hawaanzi leo kuchaji betri kwa jua: mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ilifungua kituo huko Mbita ambako wavuvi walikodi taa na betri zilizochajiwa kwa jua badala ya kuchoma mafuta taa usiku kucha. Kwa pikipiki hesabu ni ndogo zaidi. Paneli ya wati 10 hutoa kama nusu ampia jua likiwa kali, na kwa saa tano nzuri za siku inaingiza karibu ampia-saa 2.5, zinazolipa deni la traka mara tano. Hata ya wati 5 inatosha. Kisichopaswa kukosekana ni kidhibiti katikati, kile kisanduku kidogo cha kuunganishia paneli na betri, kwa kuwa paneli isiyo na mzigo hufika volti 20 na zaidi, na ikiachwa peke yake itachemsha betri kama ile adapta. Chagua kidhibiti kidogo kabisa chenye uchaguzi wa aina ya betri, unganisha betri kwanza kisha paneli, weka fyuzi karibu na upande wa chanya, na paneli isiwe chini ya mwembe, kwani kivuli cha tawi moja hupunguza sana kinachotoka. Usijaribu kuchota chaji hiyo katika seti za jua za nyumbani zinazouzwa kwa malipo ya polepole. Zimepangwa kwa betri yao na taa zao, na kuzichokoa ni kupoteza dhamana.

Aina ya betri nayo iulizwe. Ya maji, yenye vifuniko sita na mpira wa kupumulia, iongezwe maji ya betri yaliyotoneshwa, kamwe si ya ziwani, ya kisima wala ya bomba, yenye chumvi zinazotafuna mabamba. Na isiongezwe asidi, kosa linalofanywa kila wiki sokoni, maana kinachopungua ni maji, asidi hubaki ndani. Ya kufungwa haifunguliwi. Ya lithiamu, ambayo imeanza kuonekana kwa wapenda wepesi, inataka chaja yake isiyo na hatua ya kuondoa salfeti, kwa kuwa volti 15 au 16 za hatua hiyo huweza kuharibu bodi yake ya ulinzi. Pikipiki za umeme ni habari nyingine kabisa. Betri zake ni za volti nyingi zaidi na chaja zake hazibadilishwi na za mtu yeyote.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwanaboda anunue mita, na akiona volti za injini haziko sawa, fedha za chaja ziende kwa fundi wa nyaya. Zahanati, shule au boma lenye stima linunue chaja ya nusu ampia hadi moja, ya volti 100 hadi 240, inayoshuka yenyewe na kuendelea yenyewe stima irudipo. Mwenye pikipiki inayolala mbali na stima anunue paneli ya wati 10 na kidhibiti, na kama nalazimishwa kutaja kimoja kwa Kendu Bay yote, nitataja hicho.

Nasisitiza utunzaji huu kwa sababu betri iliyokufa haiishii kwenye mfuko wa mwenyewe. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwamo. Phyllis Omido, mama aliyeanzisha mapambano baada ya mwanawe kuugua, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi ile ilitoka katika betri kama zetu. Kwa hiyo yako ikifa, usimwage asidi yake katika mtaro unaoteremka ziwani, na usimuuzie anayeiyeyusha uani penye watoto. Ipeleke ikiwa nzima, wima, kwa muuzaji anayepokea kuukuu, na umwombe akupunguzie bei ya mpya.